Maji Yalikuwa Motoni Kabla ya Mlio

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kabula Nkwabi
Umri: Miaka 18
Kazi: Nimemaliza kidato cha nne, nasaidia nyumbani
Makazi: Mwamkulu, Mpanda

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza nilichokiona mwenyewe. Sauti yangu ni ndogo, na afande amevumilia nikirudia.

Mnamo tarehe 8 Juni 2024, Jumamosi, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa nyumbani. Baba yangu, Nkwabi, ana gobore lenye kibali kwa ajili ya nguruwe pori. Gobore hujazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa bomba, vikashindiliwa kwa fimbo ya chuma. Usiku wa kuamkia siku hiyo mjomba Nashon, kaka wa mama, alilichukua kwenda shambani bila kumwambia baba. Asubuhi alilirudisha akaliegemeza kwenye gunia. Mdomo ulielekea kwenye mkeka, mama alipokuwa anapukuchua mahindi na mdogo wangu Minza.

Baba alipoliona hakufoka. Alilinyanyua taratibu, akalilaza kwenye panda ya mti, mdomo ukitazama kichuguu nyuma ya nyumba. Akatuhamishia sote jikoni. Akaniambia nibandike maji, kwa sababu gobore likitoka shambani lazima lisafishwe.

Mjomba alicheka. Alisema, “Shemeji, unaogopa bomba? Fataki nimeshatoa, halina kitu.”

Fataki ni kile kikofia kinachogongwa ili baruti iwake. Baba alimjibu kwamba kutoa fataki si kutoa risasi, na mtu asiliguse mpaka apime. Anapima kwa kuzamisha fimbo ndani, kisha kuilaza kwa nje ya bomba kulinganisha urefu. Ikizama pungufu, kuna kitu ndani. Aliingia ndani kuchukua fimbo na vitambaa.

Mjomba alitoa fataki nyingine mfukoni, akaivisha kwenye gobore. Alinitazama pale mlangoni mwa jikoni akasema, “Angalia, mjomba.” Akavuta.

Sijawahi kusikia mlio kama ule kwa karibu. Moshi ulifunika kichuguu chote. Mjomba alikaa chini kwenye vumbi. Nyuma yangu maji yalikuwa yanachemka tayari.

Baba alitoka. Alimgusa Minza kichwani, kisha mama, kisha mimi. Halafu akapima gobore, fimbo ikafika mwisho. Akamimina maji ya moto, yakatoka meusi yenye harufu ya yai viza. Akarudia mpaka yakawa meupe, akakausha, akapaka mafuta. Hakuruka hatua hata moja. Mama alimwuliza kwa nini asiache kwanza. Alisema masizi ya baruti yakilala humo yanakula chuma. Nimemwona akifanya kazi hiyo tangu nikiwa mdogo. Siku ile nilimtazama kama mtu aliye kanisani.

Ndipo jirani yetu, mzee Osward, alipofika na mgambo. Jana yake ng'ombe wetu waliingia kwenye mahindi yake, wakagombana na baba. Alisema baba amemfyatulia risasi akiwa njiani, ikamkosa, kisha ameosha bunduki kuficha ushahidi. Njia ipo mbele ya nyumba. Kichuguu kipo nyuma. Nilichomeka kidole kwenye tundu la risasi kichuguuni, sikufika mwisho.

Leo hapo kwenye geti la kituo mjomba aliniomba niseme nilikuwa ndani, sikuona. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, nami nampenda. Lakini niliona. Baba hakuvuta, na maji hayakubandikwa baada ya mlio.

Kabla ya kuja hapa nilipiga magoti penye lile gunia, nikatazama mdomo ulikokuwa umeelekea. Kikombe cha uji cha Minza kilikuwa bado pale.

Hayo ndiyo niliyoyaona, nimeyasema bila kulazimishwa.

Sahihi: K. Nkwabi

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Tundu limekaguliwa, lipo kwenye kichuguu kama alivyoeleza. Wakati shahidi akitia sahihi, Nashon, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje, alibisha hodi akaomba kuandikisha maelezo yake.

Sajenti Ernestine