Daraja au Kilima

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Vipi mgongo, na kile kikohozi? Mimi mzima, ila kazi imenibana kweli kweli. Tunahariri kitabu cha historia cha shule, na ofisini tumegawanyika kambi mbili kwa ajili ya ukurasa mmoja tu: pigano lipi liligeuza vita, la Daraja au la Kilima? Bosi anasema Daraja, maana adui alipolipoteza alikatiwa chakula na risasi. Mimi nasema Kilima, ambako watu mia mbili walilizuia jeshi zima. Wewe ulikuwa mtu wa redio makao makuu, uliyasikia yote. Nisaidie.

Mwambie mama mdogo jina la marehemu baba mdogo nimeliweka chini ya picha ya Kilima.

Binti yako


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ndio huo huo, tumeshazoeana. Jibu ni Daraja. Bila Daraja tungepigana miaka miwili zaidi. Andika hivyo, yaishe.

Baba yako


17 Machi

Mwanangu,

Natumai hii itaiwahi ile ya juzi. Nimekosea. Andika Kilima. Au andika yote mawili. Jina la mdogo wangu lisitoke kwenye picha. Mama yako mdogo ameshawatangazia majirani wote.

Baba


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujambo lakini? Barua zako zimefika siku moja, nikazidi kuchanganyikiwa. Na sasa mtaalamu wetu wa historia ameleta karatasi ya jeshi. Inasema Kilima kilikuwa chambo: wale watu waliwekwa pale ili adui awafuate, aliache Daraja. Inasema pia amri ya kuwarudisha ilitolewa saa mbili asubuhi, ikarushwa redioni saa tano. Baba, saa tatu nzima amri ilikuwa wapi? Bosi anataka yote yachapishwe. Mama mdogo atasoma. Nifanye nini?

Binti yako


28 Mei

Baba,

Shikamoo. Wiki nane sijapata neno lako, na simu unajua hutaki kuigusa. Mama mdogo anasema unakula vizuri, ila unashinda uani peke yako. Kama nimekukosea, niambie. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji mwezi ujao.

Binti yako


9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hujanikosea. Amri ilikuwa mkononi mwangu.

Karani aliniletea saa mbili, nikashika kipaza sauti. Mkubwa wangu akaniwekea mkono begani. "Ngoja. Adui anatusikiliza. Akijua Kilima kinaondoka, atageukia Daraja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

Alijua mdogo wangu yuko kule. Nikangoja. Saa tano Daraja likawa letu, watu wakarusha kofia juu. Nikaita Kilima. Nikaita weee, kimya.

Sasa unaniuliza lipi lilikuwa kubwa. Sijui. Ningeituma saa mbili, labda mdogo wangu angezeeka, na vijana elfu wengine wangekufa Darajani. Labda. Napima kila siku na mizani haitulii. Leo nasema Daraja, kesho naona haya kwa kulisema.

Chapisheni. Ila nipe wiki moja. Nataka mama yako mdogo ayasikie kwangu, si kitabuni.

Baba yako


20 Juni

Mwanangu,

Huku tunapumua. Nimemwambia. Alikuwa anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Hakupiga kelele, wala hakuuliza habari za Daraja, wala nani alishinda nini. Aliuliza kitu kimoja tu: "Katika hizo saa tatu, alisema chochote?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nikashindwa. Nikamwambia aliita redioni mara nne, na mara ya mwisho alisema: "Kaka, najua ni wewe uko hapo. Mbona husemi?"

Akaendelea kukunja. Alipofika kwenye mashati yangu akasimama kidogo, kisha akayakunja nayo. Tangu hapo hajanisemesha, leo siku ya tatu.

Asubuhi hii nimekuta chai yangu mezani, ya moto, imefunikwa kwa sahani. Yeye ametoka bila kuaga. Nimekaa nayo hapa ninapokuandikia, imeshapoa, na sijui kama nina haki ya kuinywa.

Baba yako