Koti la Baba Halimtishi Tena Mbweha

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujacheka, kwa sababu jambo langu linaanza na kuku, na mwalimu wetu ametufundisha kwamba barua nzuri hutaja shida yake mapema, nami shida yangu ni kwamba mbweha anawamaliza kuku wetu, na kuku hao ndio pekee wanaomtoa mama kitandani tangu baba afariki.

Baba alikuwa mlinzi wa ghala. Alipofariki tuliletewa koti lake zito la kazini na kofia, na mama akalala, halii wala hazungumzi, anautazama ukuta tu, lakini kuku wakianza kupiga kelele asubuhi wakitaka kufunguliwa yeye huinuka, huwamwagia pumba na kuwasema kama watoto, "We mchoyo, waachie wenzako," na hapo ndipo ninapoisikia sauti yake, kisha hunyamaza hadi kesho.

Mbweha alipoanza kutoka kwenye kichaka cha nyuma, nilining'iniza makopo matupu kwenye kamba ili yagongane kwa upepo, halafu mimi na mama tukafunga miti miwili kama msalaba, tukaivisha koti la baba na kofia yake, tukaisimamisha karibu na geti. Mbweha alipotea kabisa. Mama akawa analisalimia koti akipita, "Umeamkaje, bwana?" nami nikacheka nikidhani ni utani, kwa kuwa baba mwenyewe alikuwa mtu wa utani, wakati wa kula alipenda kusema, "Mlinzi asiyezunguka ni nguzo, hata mbwa humkojolea," na mama alikuwa akimkemea kwa kuleta maneno hayo mbele ya chakula.

Sasa mbweha amerudi. Alichimba chini ya ukuta wa banda, akamchukua tetea aliyekuwa anaatamia, tukakuta mayai yamepoa, na baadaye akamchukua jogoo, kwa hiyo asubuhi kelele zimepungua na mama anachelewa kuamka. Jirani yetu, fundi cherehani, alichungulia juu ya ua akasema, "Mlinzi wenu naye analala kazini kuliko walio hai." Mama aliingia ndani. Mimi nilifikiri labda koti limekaa mahali pabaya, basi mama alipokwenda dukani nikalihamishia nyuma ya banda. Aliporudi hakunigombeza. Alilibeba kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mgonjwa, akalirudisha getini, akaniambia, "Usimsumbue baba yako. Amechoka."

Tangu siku hiyo ninaogopa. Fundi ananishauri nitege sumu kwenye nyama. Je, niweke sumu, au nilifiche koti, au nimwache mama na sanamu yake hadi kuku waishe? Darasani najitahidi, lakini hili hatujafundishwa.

Ni mimi,
Binti wa Mlinzi

*

Binti wa Mlinzi,

Marahaba. Sijacheka. Pole kwa msiba, na pole kwa kuachiwa nyumba nzima mabegani ukiwa bado na sare ya shule.

Sumu isahau. Nyama utakayomtegea mbweha haijui jina la mlaji. Ataila mbwa wa watu, au mtoto, au hao kuku unaowalilia. Na koti hukupaswa kuligusa mama akiwa hayupo. Kwa kuku ulikuwa sahihi, kwa mama ulikosea, na yote mawili ni kweli.

Sasa sikia. Mbweha hakuogopa koti. Aliogopa kitu asichokijua. Kila alipopita alilikuta palepale, mkono uleule, mvua ikaondoa hata harufu ya mtu, akaelewa. Makopo yako nayo, yakilia mahali pamoja kila siku, kwake ni kengele ya chakula. Kitisho kisichobadilika ni pambo. Yahamishe makopo mara kwa mara, siku nyingine yatoe kabisa, weka taa au kitambaa kinachopepea, kisha badilisha tena.

Hata hivyo vitisho humchelewesha tu. Anayemzuia ni banda. Zungushia wavu wa waya wenye matundu madogo, ufukie chini na kuukunja kuelekea nje, ili akichimba akutane nao. Mlango uwe na komeo, si kamba. Kuku waingie kabla jua halijazama, na mabaki ya chakula yasibaki nje. Yule fundi mwite aje na jembe. Ulimi wake umeshafanya kazi ya kutosha, sasa ni zamu ya mikono.

Kuhusu mama, jibu umeliandika mwenyewe ukalipita kama humjui aliyelisema. Usimwambie kwamba lile ni koti tu. Anajua kuliko wewe. Kaa naye asubuhi anapomwaga pumba, umwambie, "Mama, baba alisema mlinzi asiyezunguka ni nguzo. Tumpe zamu." Kisha nyamaza. Huenda akakukemea kama alivyomkemea yeye. Ukikemewa, shukuru, maana ni sauti. Akikubali koti lizunguke, alibebe mwenyewe. Akiuliza aanzie wapi, mwonyeshe pale mbweha alipochimba.

Akikataa, usibishane. Lakini asubuhi ambayo hatainuka hata kwa kelele za kuku, siku hiyohiyo nenda kwa mama mkubwa au kwa mwalimu wako, mumpeleke hospitali. Huo si mzigo wa mtoto, na kuubeba kimyakimya si adabu.

Siwezi kukuahidi kwamba atapona upesi. Koti litapauka, litachanika, na siku moja mama atalivua mwenyewe kutoka kwenye ile miti. Usimtangulie. Wewe kafunge komeo.