Mkondo wa Mchana Umefika Nyumbani Kwangu

Jumatatu. Rasharasha alfajiri, kisha anga likasafika na majabali ya Al Amerat, wilaya yetu hapa Oman, yakaonekana karibu kuliko kawaida. Nimerudi kutoka Baraza na moyo wangu umetulia kwa namna ambayo sijaizoea.

Tumeshinda.

Naliandika neno hilo peke yake kwa sababu nimelihakiki. Kamati ya elimu ya Baraza letu la wawakilishi imepitisha leo, bila sauti hata moja ya kupinga, pendekezo tulilolipeleka sisi wazazi. Na mjumbe wa wizara aliyekuwapo amesema mbele ya wote kwamba litaanza kutumika mwaka ujao wa masomo. Maneno yake yameingia katika kumbukumbu za kikao. Sikuondoka mpaka nilipoyaona yameandikwa.

Skuli za mtaa wetu hazitoshi, kwa hiyo jengo moja hutumika mara mbili kwa siku. Mkondo wa asubuhi hutoka adhuhuri. Wa mchana huingia hapo, na hutoka jua likizama. Huo ni upungufu, na upungufu huvumiliwa. Kisichovumilika ni namna ulivyogawanywa. Nafasi za asubuhi alipewa aliyetangulia kujiandikisha, na mtoto akishapangwa hakubadilishwa tena. Familia zinazohamia nyumba mpya za nyuma ya kilima hukuta asubuhi imejaa, na watoto wao husoma mchana mwaka baada ya mwaka. Tuliomba jambo moja: maadamu mikondo ni miwili, watoto wapokezane kila mwaka.

Bi Zuwena, jirani yangu, anaishi katika nyumba hizo mpya. Watu wake walirudi Oman kutoka Tabora, na Kiswahili chake kina mkato wa bara ambao sisi wenye asili ya Unguja hujifanya hatuupendi. Mwanawe Harith yuko mkondo wa mchana kwa mwaka wa tatu. Darasa la Kurani la msikitini kwetu huanza baada ya alasiri, na alasiri Harith yuko skuli. Miaka mitatu hajalihudhuria isipokuwa wakati wa likizo.

Waraka niliuandika mimi. Kazi yangu ni kutunga na kuhakiki mikataba, na ndiyo iliyonifundisha kuutafuta mwanya kabla mwenzangu hajautafuta. Kurasa ishirini na moja, viambatisho saba. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwahoji mama wa mtaa, wa asubuhi na wa mchana.

Sasa ungamo.

Mwezi uliopita Bi Zuwena aliisoma rasimu sebuleni kwake, akaiweka chini na kunitazama. "Karatasi zako tamu, dada. Lakini Thuraya wako si anasoma asubuhi?"

Thuraya ni binti yangu, ana miaka kumi. Nilijibu kwamba hilo halihusiani na hoja.

"Halihusiani," akarudia, akanimiminia kahawa. "Haya. Kunywa."

Nilijua kwamba linahusiana. Anayeomba utaratibu ubadilishwe hana budi kutaja atakachokipata na atakachokipoteza. Ningelikuta pengo hilo katika waraka wa mtu mwingine, ningelizungushia wino mwekundu. Katika waraka wangu nililiacha, nikaliita staha.

Leo asubuhi niliusoma muhtasari mbele ya kamati, kwa Kiarabu nilichokipima neno kwa neno. Walisikiliza kwa adabu. Kisha mwakilishi mmoja wa wilaya za milimani, mzee aliyepandisha miwani juu ya paji la uso, akaufunga waraka wangu na kuuwekea mkono.

"Ustadha," akasema, "wa kwako yuko mkondo gani?"

Hapakuwa na ubaya katika sauti yake. Bi Zuwena, aliyekaa kulia kwangu, akainama kuitazama hina ya vidole vyake. Ilikuwa huruma ambayo sikuistahiki.

"Asubuhi," nikasema. "Mkilikubali ombi hili, mwakani atasoma mchana. Nilipaswa kuliandika hilo katika ukurasa wa kwanza. Sikuliandika kwa sababu niliogopa kulisoma."

Mzee akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Basi huyu kaja kujishitaki mwenyewe!"

Wenzake wakacheka naye. Baada ya hapo maswali yalibadilika. Hakuna aliyeuliza tena kwa nini, waliuliza vipi. Vipi ndugu wawili wa nyumba moja? Vipi mabasi? Vipi walimu wanaofundisha mkondo mmoja tu? Na kila "vipi" lilikuwa limeshajibiwa, kuanzia ukurasa wa tisa hadi wa kumi na saba. Nilikuwa nikitaja namba ya ukurasa, na wao wakifungua. Sikumbuki furaha ya kazi iliyowahi kufanana na ile.

Saa tano tulikuwa tumeshatoka. Garini Bi Zuwena hakunyamaza. "Kurasa ishirini na moja, halafu umewamaliza kwa neno moja!"

Nilimsahihisha: zilikuwa sentensi nne, na bila ya ukurasa wa tisa wangetuambia twende tukafikiri upya.

"Wallahi, dada, wewe hata mlango wa peponi utaomba kwanza uoneshwe kanuni."

Tulipokuwa tukipanda barabara ya mlimani alimpigia simu Harith, aliyekuwa nyumbani akijitayarisha kwenda skuli, akamweleza yote kwa pumzi moja. Kisha sauti ya Harith ikauliza kama ina maana mwakani ataamka alfajiri.

"Utaamka! Utaamka hata kwa maji ya ndoo!" akafoka mama yake, na machozi yanamtiririka. Mimi nilikaza macho barabarani.

Thuraya alirudi adhuhuri. Nilimwambia palepale ukumbini, kwa mpangilio: uamuzi, sababu, tarehe ya kuanza. Alinisikiliza begi likiwa bado mgongoni.

"Uliwahoji mama wote wa mtaa?"

"Karibu wote."

"Mimi hukunihoji."

Akaingia chumbani na kufunga mlango. Nikainua mkono nibishe hodi.

Mama yangu, anayeishi nasi, hakuinua hata uso kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua. "Mwache. Nnamjua. Karithi kwako huyo, atatoka na masharti."

Alitoka baada ya alasiri na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula. Harith asome asubuhi, ameandika, kwa sababu ni haki yake. Chini yake, sharti moja: mwakani, kila siku ya skuli, saa sita mchana, mama ndiye atakayenipeleka, si basi, hata akiwa na kikao.

Niliisoma mara tatu kama nisomavyo mkataba wowote, nikiutafuta mwanya. Ule niliokuwa nikiutegemea alikuwa ameshauziba kwa maneno manne ya mwisho.

Nimetia saini. Mama yangu amekuwa shahidi. Kesho, kabla ya jambo lolote jengine, nitamwarifu mkuu wangu wa kazi kwamba kuanzia mwaka ujao wa masomo, saa sita mchana, asinitafute.