Leo Nimemuua Mabula

Jumatano jioni, Kakola. Joto la leo halina adabu, mawingu yanajikusanya upande wa Bulyanhulu halafu yanaghairi. Moyo bado unanienda mbio, ila nacheka peke yangu.

Shajara, unajua utafiti wangu: habari ikiandikwa na kusomwa na akili bandia, msikilizaji anaguswa sawasawa na anavyoguswa na mtangazaji? Leo nilikaa na akina mama wanaoponda mawe ya dhahabu, nikawasikilizisha tangazo la msiba la majaribio. Mashine imelitunga, mashine imelisoma. Niliwaeleza mapema kwamba marehemu ni wa kubuni, wakakubali.

Jina niliiachia mashine ichague, la Kisukuma. Ikachagua Mabula.

Jamani, Mabula! Ukiita jina hilo sokoni huku, wanageuka wanaume kibao.

Mama mmoja alichelewa, alikuwa ameenda kuteka maji. Aliingia wakati sauti nyororo ya mashine ikisema mchimbaji Mabula amefariki dunia baada ya duara, shimo la dhahabu, kuporomoka. Mwanawe anaitwa Mabula, na alfajiri alikuwa ameshuka shimoni. Ndoo ilimtoka mkononi.

Wenzake walimshika, wakamwambia ni majaribio tu. Hakusikia. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama wa watu nimemletea msiba kwa mikono yangu.

Mwishowe ikapokelewa. Mabula alikuwa ameshatoka shimoni, yuko kwenye karasha, mawe yanasagwa kwa kelele hadi anapiga mayowe ili asikike. Mama akakaa chini, akalia, kisha akaninyooshea simu.

"Mwambie mwenyewe kwamba umemuua."

Nilimwomba Mabula radhi, nikamwomba na mama yake. Mama huyo alinisema mpaka akaridhika. Ndipo akina mama wote wakanieleza kwamba kwenye redio ya hapa mtangazaji huanza na kijiji, kisha ukoo, wazazi, watoto, na jina la marehemu mwishoni kabisa, tena ndugu wa karibu wakiwa wameshapigiwa simu. Anayefungua redio katikati anapata nafasi ya kujiandaa. Tangazo langu lilianza na jina.

Nilijua watanifukuza. Badala yake wamenipangia Ijumaa, tuifundishe mashine utaratibu huo pamoja. Sharti lao ni moja, marehemu wa safari hii awe mimi.

Nina furaha, shajara, sijui hata niiseme vipi. Siku zote nilikuwa napima machozi baada ya habari. Sikuwahi kuuliza nani anamfikiria msikilizaji kabla habari haijamfikia. Hilo linafundishika, hata kwa mashine, mradi wawepo watu wa kulifundisha, na mimi nimeshawapata.

Nimerudi gesti, nikaingiza jina langu kwenye lile tangazo, nikasikiliza. Nikampigia mama yangu, yuko Kishapu, nikamwambia niko hai.

Mama akauliza:

"Kwani nani amesema umekufa?"