Mke wa Mwenye Duka

Dada yangu Anastazia, shikamoo kutoka Durban.

Mimi niliyekanyaga Lusaka na Harare, jana mji huu ulinipandisha mori. Nilijiunga na matembezi ya kuwaenzi wanawake wa Kihindi waliotangulia katika historia ya huku. Jua kali, mimi na miwani yangu myeusi mbele ya wote. Tukafika kwenye picha ya wanawake waliofungwa kwa kupinga ubaguzi. Mwongozaji akasoma: "Huyu mke wa mwenye duka, huyu mke wa karani..."

Nikamkatiza kwa Kiingereza changu cha darasa la sita: "Bwana, jela alikwenda mume? Taja majina yao!"

Eti hayapo kwenye karatasi yake. Nilifoka mpaka magari yakagoma kuondoka kwenye taa ya kijani!

Mama mzee wa Kihindi akanishika mkono. "Asante, mwanangu. Huyo wa mwenye duka ni bibi yangu, Savitri. Wako anaitwa nani?"

"Mama Yohana," nikajibu kifua mbele.

"Yohana ni nani?"

"Baba yangu."

"Nimeuliza bibi yako."

Bibi aliyetulea, aliyevuka ziwa na watoto wanne na debe la mawese, simjui jina. Hasira yote niliyomfokea mwongozaji ikanirudia mwenyewe.

Mwulize shangazi leo hii, kabla naye hajasahau, uniandikie. Na kwenye anwani nimeandika Anastazia, si Mama Tumaini. Mungu akutunze kwa jina hilo.

Mdogo wako, Deo