Mtoki wa Bwana Shauri

Jumatatu, 6 Juni 1966

Paka hajala tena. Nimemwekea utumbo wa samaki. Ameunusa, akanitazama kama karani aliyeletewa kazi saa ya kufunga. Uti wa mgongo umemtoka, unahesabika.

Bwana Shauri huyu ndiye mlinzi wa stoo yangu ya mahindi hapa Suna. Nilimpa jina hilo, la mkuu wa wilaya, wakati wa Wazungu, kwa sababu naye alikaa kutwa akitazama watu wakifanya kazi, na bado akaletewa nyama. Wenye cheo hicho walirudi kwao. Yeye alibaki. Panya walimwogopa kuliko walivyoniogopa mimi.

Nimechoka. Mvua, magunia, wateja. Sasa hili.

Jumatano, 8 Juni

Nimempapasa chini ya taya — vinundu! Viwili, vigumu kama maharage mabichi. Kingine nyuma ya goti.

Nikamwita Walter, fundi baiskeli wa jirani. Akapapasa na mkono wake wa grisi. "Min Monari," mama Monari kwa Kijaluo chake, "huu ni mtoki tu. Tafuta kidonda." Kweli, nani hajui? Mguu ukichomwa na mwiba, kinena kinavimba. Mwiba ukitoka, mtoki unanywea. Basi tukatafuta. Walter kashika kichwa, Phelesia muuza samaki kashika miguu ya nyuma, mimi nikageuza unyayo mmoja mmoja, na masikio, na mkia. Hakuna kitu. Wenye vidonda sasa ni sisi watatu.

Phelesia akasema labda kidonda kiko ndani. Walter akamwuliza yeye aliingia ndani ya paka lini.

Jumapili, 12 Juni

Nimetafuta tena. Hata mkwaruzo hakuna. Ametapika povu.

Jana, siku ya Sabato, kanisani nilimwombea, kimya kimya. Sikutaja kwamba ni paka.

Keshokutwa lori la karanga linakwenda Homa Bay. Phelesia asema huko kuna daktari wa mifugo, kijana, Dishon, hakatai hata kuku. Watu watacheka. Wacheke.

Jumanne, 14 Juni

Nimerudi. Miguu imekufa ganzi. Nilikaa mbele na dereva, kikapu mapajani, leso juu yake. Homa Bay omena, dagaa wa ziwani, imeanikwa kila mahali, harufu inaingia hadi kwenye meno. Paka mzima angerarua kikapu. Wangu alifumba macho. Hapo nilijua, kabla ya daktari yeyote.

Dishon ana sauti ya upole na mikono mikubwa ya kushikia ng'ombe. Wenye ndama walikuwa wanangoja nje, wakanicheka vizuri tu. Yeye hakucheka. Akabonyeza tumbo, akakuta uvimbe. Akachoma kinundu kwa sindano, akapaka alichovuta kwenye kioo, akachungulia kwenye mashine yake ya kukuzia vitu muda mrefu.

Nikamwambia kidonda tumekikosa. "Mama, hakuna kidonda. Huu si mtoki. Tezi hazikuvimba kwa sababu ya ugonjwa. Tezi zenyewe ndizo ugonjwa."

Kansa ya tezi. Limfosakoma — nilimwomba arudie, jina refu kuliko mgonjwa. Nikauliza aina ziko ngapi, maana nikianza kuuliza siachi. Ya kifua, hushika paka vijana: maji yanajaa, pumzi inaziba, wanaondoka upesi. Ya figo, mbaya vilevile. Ya pua, hiyo hukawia kidogo. Ya tumbo, ya wazee kama Shauri: ikiwa uvimbe ni mmoja, mkataji stadi hujaribu kuutoa. Ikishashika tumbo na tezi za mwili kama hii, hakuna cha kukata.

Nikauliza kama kuna aina ya kupona. Akatazama dirisha. Nimeuza mahindi miaka mingi. Mtu akitazama dirisha, bei haishuki.

Bila dawa, mwezi, labda na kidogo. Na vidonge, huenda miezi miwili mitatu, huenda isifike. Au sindano ya kumlaza, hapo hapo, bila maumivu. Nikasema vidonge. Akanipa, na onyo: "Utamwona kama amepona. Usimwamini."

Ijumaa, 17 Juni

Amekula! Samaki mzima, kisha akamtukana Walter kwa jicho. Walter: "Daktari wako alisoma kitabu cha ng'ombe." Phelesia anaimba. Mimi nimekumbuka lile onyo, halafu nimejisahaulisha.

Jumatatu, 27 Juni

Vinundu vimerudi, vikubwa. Hanywi. Anajikunja juu ya gunia, kichwa chini. Kidonge anakitema.

Dereva wa lori ameleta habari: Dishon atapita hapa Alhamisi akienda kuchanja ng'ombe upande wa Kuria. Sindano anayo. Ni mimi tu kusema ndiyo. Nimemwambia dereva apeleke ndiyo. Kisha nimeuza unga asubuhi yote nikikosea vipimo.

Alhamisi, 30 Juni

Nimefunga duka mapema. Walter amekuja bila kuitwa, amekaa mlangoni na spana yake.

Kishindo nyuma ya magunia! Mlio. Nikakimbia — Bwana Shauri amesimama akiyumba, panya mdomoni. Panya mdogo, mjinga, lakini panya. Akaja naye polepole, akamweka miguuni pangu. Hakumla. Akalala papo hapo.

Walter: "Umeona? Anafanya kazi! Nani anamuua mtu aliye kazini?"

Nikamwinua. Mguu wa mbele una damu. Nimegeuza unyayo: alama mbili za meno, mbichi, za sasa hivi.

Kidonda!

Walter ameinuka. "Si nilisema? Hicho! Kioshe, mtoki utanywea."

Gari limezima nje. "Hodi, mama."

Najua kilichotangulia: vinundu, si kidonda. Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika ule mguu. Walter ameweka beseni la maji ya chumvi mezani, amesimama katikati ya mlango, anamwambia daktari asubiri kidogo, kuna mgonjwa anaoshwa —