Tangi la Kijani

Jumatatu, 4 Novemba 2019
Nyumba baridi tangu alfajiri. Tanuri la kupashia nyumba joto limezima lenyewe. Nikatoka kuangalia tangi la mafuta ukutani nje — tupu! Na lilijazwa wiki mbili tu zilizopita. Changarawe chini yake nyekundu kwa mafuta.

Marehemu mume wangu Lorne alilipaka rangi ya kijani kila kiangazi, nami nimeendelea hivyo hivyo. Rangi safi kabisa. Ndani yake kutu. Mjinga mimi.

Jumatano, 6 Novemba
Burton, fundi wa mafuta, kabonyeza tumbo la tangi kwa kidole. Kidole kikapita! Kasema udongo wote ulioloa mafuta uchimbwe mpaka kwenye msingi, la sivyo sitaruhusiwa kuishi hapa. Kaniuliza kama nina bima. Ninayo, miaka thelathini na moja sasa. Nilijibu kwa maringo. Kasema pia nimwonye Verna, jirani yangu wa chini ya mteremko, asinywe maji ya kisima chake mpaka yapimwe. Nikasema nitamwambia leo hii.

Ijumaa, 8 Novemba
Bibi Corkum wa bima kapiga simu. Sauti tamu, habari chungu. Kutu ni uchakavu, hawalipi. Udongo wangu ni mali yangu, hawalipi. Ila mafuta yakiingia kwa jirani, hapo watasafisha kwake, na kwangu pia, ili yasizidi kwenda. Nikamwuliza, yaani nikiumia peke yangu ni shauri yangu? Akajibu:

"Ndivyo mkataba unavyosema, mama."

Sina pa kwenda. Hii nyumba ndiyo yote niliyo nayo.

Jumamosi, 9 Novemba
Verna kaleta kabichi iliyochachushwa na soseji. Lorne alipofariki, huyu alilala kwangu wiki mbili, akinilisha kwa kijiko. Tumezungumza saa nzima. Sikumwambia. Nilifungua kinywa mara mbili, nikamsifia kabichi.

Jumapili, 10 Novemba
Kanisani. Naona haya hata kuandika. Nimeomba mafuta yafike kwa Verna. Kidogo tu! Ya kutosha kwa bima.

Jumanne, 12 Novemba
Verna yuko sebuleni. Kaja na maji kwenye chupa ya jemu. Chai yake ina ladha mbaya tangu Jumapili, anadhani ni uzee.

"Hebu nusa, mwenzangu. Pua yangu siiamini tena."

Nikanusa. Mafuta, waziwazi. Na moyo ukaniruka kwa furaha — furaha, mimi! Halafu akasema mjukuu wake, wa miezi saba, yuko kwake tangu juzi, na maziwa ya chupa wanamkorogea kwa maji hayo hayo.

Nimekimbilia jikoni na daftari hili. Nimemwambia nafuata miwani. Miwani ninayo usoni. Ananiita, anauliza kama nimeipata —